Pua ya Hilux Imeinama: Shokapu, Springi au Matairi Makubwa?

"Shikamoo mzee. Nina Hilux Vigo ya mwaka 2013, dabo kebini, 4x4, dizeli ya lita 3.0. Niko Njombe, nalima parachichi. Msimu wa kuvuna nabeba kreti zenye jumla ya kilo 600 mpaka 700 kutoka shambani hadi kwa wanunuzi, siku nyingine natembea mtupu. Mwaka jana nilifunga ngao ya chuma mbele, na tangu hapo naona gari limeinama pua. Nimepima kutoka chini mpaka ukingo wa fenda: mbele sentimita 85, nyuma 91. Nataka likae sawa, liwe juu kidogo kwa ajili ya matope ya masika, na nifunge matairi makubwa, maana haya ya 265/65R17 yamekwisha. Fundi wa kwanza ameniambia ninunue shokapu za gesi, zitainua mbele. Wa pili anasema atanichongea spesa za chuma za sentimita 5. Wa tatu anasema nifunge 285/70R17 mbele tu, nyuma nibaki na saizi hii, gari litanyooka bila kugusa kitu kingine. Nimfuate yupi? Na breki na ulaji wa mafuta vitakuwaje?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuchukua futi kamba kabla ya kufungua pochi. Wengi huja gereji na picha ya gari la mtu mwingine kwenye simu wakasema "nataka kama hili". Wewe umekuja na vipimo, na vipimo vinatuwezesha kuzungumza.

Huyo fundi wa tatu usimfuate kabisa. Wa pili anakupa ushauri wenye hatari kubwa kuliko unavyoonekana. Wa kwanza ameshika kitu cha kweli ila amekipa kazi isiyo yake. Nitawapitia mmoja mmoja, lakini kwanza tukubaliane gari lako lina tatizo gani hasa, kwa sababu sehemu ya hicho unachotaka kurekebisha si ubovu.

Pikapu hutoka kiwandani nyuma ikiwa juu kuliko mbele. Waliolibuni walijua kwamba siku moja nyuma utapakiwa mzigo unaokaribia tani, wakaacha nafasi ili nyuma ishuke na gari likae sawa likiwa kazini. Simama kando ya Hilux mpya isiyo na mzigo uiangalie kwa ubavu, utaona imeinama mbele vilevile. Kwa hiyo hizo sentimita 6 zako zina baba watatu: kuna sehemu ya kiwandani, kuna sehemu iliyoletwa na ngao ya chuma, na kwa gari la mwaka 2013 karibu hakika kuna sehemu ya springi za mbele zilizochoka. Mbili za mwisho ndizo za kurekebisha. Ile ya kwanza unaihitaji, na utaona umuhimu wake siku ya kubeba parachichi.

Fanya hivi kabla hujanunua hata nati. Tafuta sakafu ya saruji iliyo tambarare, jaza tangi la mafuta, hakikisha upepo wa matairi ni sawa. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu moja kwa moja mpaka ukingo wa fenda, pembe zote nne. Usipime kutoka chini, maana tairi lililolika au lenye upepo mdogo linakudanganya, na ukishabadilisha matairi hutaweza kulinganisha kipimo cha zamani na kipya. Andika namba hizo. Kisha siku ya kuvuna, kreti zikiwa zimeshapakiwa na watu wamekaa kwenye kebini kama kawaida yenu, rudi palepale upime tena.

Tuseme kwa mzigo wako nyuma inashuka sentimita 5. Maana yake siku ya kazi gari limeshanyooka karibu kabisa, bila wewe kufanya lolote. Ukiinua mbele sentimita 6 ili lipendeze likiwa tupu, siku ya kazi mkia utakuwa chini ya pua kwa zile sentimita 5. Umbali kati ya ekseli zako mbili ni mita 3.085, hivyo hiyo ni karibu digrii moja ya kutazama juu. Inaonekana ndogo, lakini taa zako zimeinuka pamoja na pua: mita 50 mbele, mwanga umepanda kama sentimita 80, yaani umetoka barabarani ukaingia machoni mwa anayekuja. Fikiria hilo ukiwa unashuka mlima Kitonga usiku, malori yamepangana upande wa pili.

Ndiyo maana kwa pikapu inayofanya kazi sipendi neno "kunyoosha" lifuatwe mpaka mwisho. Ninachokushauri ni kupunguza ile tofauti, usiifute. Acha nyuma ibaki juu kwa sentimita 2 au 3 gari likiwa tupu.

Sasa fundi wa kwanza. Shokapu haibebi gari. Linalobeba gari ni springi: mbele kwako ni zile za kujiviringa zilizovishwa juu ya shokapu, nyuma ni zile za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kazi ya shokapu ni kutuliza mrusho wa springi. Ndani mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu na vali ndogo, na nguvu ya mrusho inageuka kuwa joto. Chukua bomba la sindano ulijaze maji: ukisukuma polepole linakwenda bila shida, ukisukuma kwa ghafla linakugomea. Shokapu nayo hupinga kasi ya mwendo. Gari likisimama hakuna mwendo wa kupinga, kwa hiyo kimo cha gari kinaamuliwa na springi.

Hiyo gesi ya naitrojeni husukuma fimbo ya shokapu nje kwa nguvu ndogo, na pua ikipanda kwa sababu yake pengine utapima kwa milimita. Imewekwa kwa sababu nyingine, ya maana sana kwako. Kwenye barabara ya vumbi yenye vijituta vidogo vinavyofuatana, shokapu hupanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, mafuta yanapata moto, na yasipokuwa chini ya shinikizo huanza kutoa povu. Povu linapita kwenye vitundu bila upinzani. Hapo ndipo gari lililokuwa limetulia asubuhi linaanza kuogelea baada ya nusu saa ya vumbi, na dereva anashangaa kwa nini linahama njia kwenye kona. Gesi huzuia hilo. Zile zenye mrija mmoja, ambazo gesi na mafuta vimetenganishwa na pistoni ya pili inayoelea, hupoa haraka zaidi kwa sababu mafuta yanagusana na ukuta wa nje moja kwa moja. Hasara yake ni kwamba jiwe likipiga mrija huo na kuubonyeza, pistoni inaweza kukwama. Zenye mirija miwili hustahimili kipigo cha jiwe vizuri zaidi. Kwa barabara zako aina zote mbili zinafaa, mradi ziwe halisi.

Nadhani najua fundi wako alitoa wapi imani yake. Kuna shokapu, Bilstein 5100 ikiwa mojawapo, zenye mifereji kadhaa mwilini ya kuwekea kikalio cha springi. Kikalio kikihamishwa mfereji wa juu, pua inapanda. Vilevile watu wengi hununua seti nzima, springi mpya pamoja na shokapu, gari linainuka, halafu sifa yote inakwenda kwa shokapu kwa sababu ndiyo yenye rangi nzuri na jina kubwa.

Hapa nataka ukae na mimi kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Ukipandisha kikalio, au ukiweka spesa kati ya springi na kikombe chake cha juu, watu husema springi imekazwa na sasa ni ngumu zaidi. Sivyo. Uzito wa pua ni uleule, kwa hiyo gari likikaa chini, springi inabonyea kwa kiasi kilekile. Kilichobadilika ni shokapu: sasa iko imenyooka zaidi kuliko mwanzo hata gari likiwa limesimama tu. Na shokapu ina mwisho wake. Gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda likikuta jiwe na nafasi ya kushuka likikuta shimo. Umeongeza nafasi ya kupanda kwa kuiba ile ya kushuka. Matokeo yake utayasikia kwa masikio: kila ukivuka tuta, magurudumu yakining'inia, kunapiga "ko!" kwa mbele. Hiyo ni shokapu inayofika mwisho wa fimbo yake, na ikipigwa hivyo kila siku haidumu. Ndiyo sababu shokapu zilizotengenezwa kwa gari lililoinuliwa huwa ndefu kidogo, ili zirudishe nafasi iliyoibwa. Shokapu mpya ya urefu wa kiwandani pamoja na springi ndefu ni ndoa mbaya.

Spesa za fundi wa pili ni aina nyingine, zinafungwa juu kabisa, kati ya shokapu nzima na bodi. Uliza swali moja tu: shokapu ya mbele imeshikwa wapi kwa chini? Haijashikwa kwenye gurudumu. Imeshikwa kwenye mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha gurudumu na chasi, karibu na katikati yake. Kwa hiyo unachoongeza pale juu kinafika kwenye gurudumu kikiwa karibu mara mbili. Spesa ya sentimita 2.5 huinua pua kama sentimita 5. Hiyo ya sentimita 5 anayotaka kukuchongea itainua karibu 10. Kama yeye hajui hilo, hapaswi kugusa mbele ya gari lako. Kama anajua na hakukuambia, vilevile.

Sentimita 10 kwenye Hilux yenye mikono miwili mbele, wa juu na wa chini kwa kila gurudumu, ni maangamizi ya polepole. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele zitafanya kazi zikiwa zimepinda kupita kiasi, mipira inayofunika viungo vyake itasuguana na kuchanika, grisi itamwagika, vumbi litaingia. Boljointi za juu, vile viungo vinavyoshika gurudumu kwenye mkono wa juu, zitafika mwisho wa mzunguko wake. Usukani utapoteza ule mwegamo unaoitwa kasta, ambao ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati ukitoka kwenye kona, na gari litaanza kutangatanga kwenye lami. Isitoshe, kwa kuwa shokapu nzima imeshushwa, gurudumu likipanda kwa nguvu shokapu inaweza kugonga mwisho wake kabla mpira wa kuzuia kipigo haujafikiwa, na hapo kinachopokea kipigo ni vali za ndani. Kwa mfumo wa mbele kama wako, sentimita 5 kwenye gurudumu ndiyo mpaka ninaoheshimu bila kubadilisha mikono ya juu na kushusha difu ya mbele. Wewe huhitaji hata kufika hapo.

Fundi wa tatu sasa. Hoja yake inavutia kwa sababu haigusi kitu, ni matairi tu. Tufanye hesabu. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. 285/70R17 ina milimita 831. Tofauti ya kipenyo ni milimita 55, lakini gari huinuliwa na nusu ya kipenyo tu, kwa hiyo utapata sentimita 2.7. Hata lengo lake mwenyewe la kunyoosha gari halifikii.

Ubaya mkubwa uko mvunguni. Kwa hesabu ya karatasi, tairi lako la sasa linazunguka mara 410 katika kilomita moja, na lile kubwa mara 383. Ukiwa kwenye 2H, yaani magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayovuta, hakuna shida kubwa. Ukiingiza 4x4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinalazimika kuzunguka sawasawa, kwa sababu Hilux yako haina difu ya katikati ya kugawanya tofauti. Zile raundi 27 za kila kilomita zinakosa pa kwenda. Kwenye matope tairi litateleza na kuzimeza. Kwenye ardhi ngumu nguvu inajikusanya kwenye gia, propela na difu mpaka kitu kikubali kuvunjika, na wakati huo lever ya 4x4 inagoma kutoka. Matairi manne, saizi moja, na uchakavu unaokaribiana: kwa gari la aina hii hilo halina mjadala.

Tukibaki hapohapo kwenye matairi: ukifunga makubwa pembe zote nne, gari zima linapanda, lakini tofauti ya mbele na nyuma inabaki ileile. Matairi hayanyooshi gari. Faida yake ni kuinua difu na ekseli kutoka ardhini, na hilo hakuna springi inayoweza kulifanya kwa nyuma, kwa sababu ekseli yenyewe imekaa juu ya magurudumu. Kwa matope ya masika, hiyo ni faida ya kweli.

Saizi gani basi? Mimi kwako ningeishia 265/70R17. Kipenyo chake ni milimita 803, gari linapanda sentimita 1.3, na gia zako zinakuwa nyepesi kwa mwendo lakini nzito kwa kuvuta kwa asilimia 3.4 tu. Spidomita ikisoma 80 utakuwa unakwenda karibu 83. Kwa kuwa spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo, wengi wakifunga saizi hii na kulinganisha na GPS ya simu hukuta imekaribia ukweli. Ukienda 285/70R17 unabadilisha kwa asilimia 7: mshale ukisema 50 kijijini, wewe uko 53 na nusu, na askari mwenye tochi haulizi saizi ya tairi. Pia 285 kwa gari lililoinuliwa sentimita 3 itasugua: utakata usukani mpaka mwisho ukirudi nyuma kwenye shamba lenye mteremko, na tairi litakula plastiki ya ndani ya fenda na kibanio cha madigadi. Watu hukata plastiki, wengine hupondaponda chuma kwa nyundo. Gari la biashara halihitaji kufika huko.

Angalia pia mambo mawili ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa. La kwanza ni namba ya uwezo wa kubeba: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215, 121 ni kilo 1,450. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. La pili ni tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa limezeeka ghalani, hasa likiwa limekaa juani.

Umeuliza breki na mafuta. Breki zako hazijui kuwa tairi limekua. Zinabana diski kwa nguvu ileile, lakini nguvu hiyo inafika barabarani kupitia tairi refu zaidi, kwa hiyo inapungua kwa asilimia inayokaribia ileile: kama 3.3 kwa 265/70, 6.6 kwa 285/70. Ongeza na uzito, maana matairi ya kazi ngumu ni mazito, na uzito unaozunguka ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuusimamisha. Kwa 265/70 utalihisi kidogo tu, hasa ukipanda Kitonga na mzigo, ambapo utarudi gia moja chini mapema kuliko ulivyozoea. Mafuta yatapanda kidogo, zaidi kwa sababu ya meno makubwa ya tairi kuliko kipenyo. Na kumbuka odometa nayo itasoma pungufu, kwa hiyo hesabu yako ya kilomita kwa lita itaonekana mbaya kuliko ilivyo.

Kuna jambo moja la breki ambalo hukuliuliza. Hilux nyingi za umri wa lako zina vali nyuma, juu ya ekseli, iliyounganishwa na fimbo. Vali hiyo inapima jinsi nyuma ilivyoshuka: ikishuka, inajua kuna mzigo na inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Mtu akiinua nyuma bila kurekebisha fimbo hiyo, vali inadhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinashika kidogo hata ukiwa na kilo 700. Hiyo ni sababu yangu kubwa ya kukuambia nyuma usiiguse kwa sasa. Na atakayekushauri urefushe shakoli za nyuma, kile kipande kinachoning'iniza mwisho wa springi, mkatalie: nyuma inayumba, na pembe ya propela inaharibika.

Basi ningefanya hivi kama gari lingekuwa langu. Mbele, ningenunua springi mpya zilizokusudiwa uzito wa gari lako. Watengenezaji wenye uzoefu, kama Old Man Emu wa Australia, huziuza kwa makundi: ya pua isiyo na kitu, ya pua yenye ngao, ya pua yenye ngao na winchi. Pima ngao yako kwa mizani ukiweza, au muulize aliyeichomelea alitumia chuma gani. Ukichukua springi ya winchi wakati huna winchi, pua itapanda kupita ulivyotaka na gari litakurusha kama gari la ng'ombe. Lengo ni kupanda kama sentimita 3 kutoka ulipo leo. Shokapu za mbele ziwe za seti moja na springi hizo, na za nyuma zibadilishwe zote mbili kwa wakati mmoja. Matairi manne ya 265/70R17, na la tano la akiba lililo saizi hiyohiyo. Halafu alaimenti. Hiyo si ya hiari: ukiinua mbele hata sentimita 3 magurudumu yanabadilika mlalo, na matairi mapya yanaweza kulika upande mmoja ndani ya miezi michache.

Kama pesa haitoshi vyote kwa pamoja, anza na springi na shokapu za mbele, kisha alaimenti, matairi yafuate. Isipokuwa haya uliyonayo yameshafika kwenye alama za mwisho wa uchakavu. Hapo matairi kwanza, hata kwa saizi ya zamani, kwa sababu masika hayasubiri.

Nyuma tutaiamua kwa vipimo vyako vya siku ya mzigo. Ikiwa mkia unashuka mpaka chini ya pua kwa hizo kilo 700, basi springi za bapa zimechoka au kuna moja imepasuka, na dawa ni kuzirudisha katika hali yake au kuongeza bapa moja. Ulinganishe pia kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini kwa zaidi ya sentimita moja, tafuta springi iliyovunjika kabla ya kufikiria lolote lingine. Na uhesabu watu: mzigo unaoruhusiwa unajumlisha abiria, ngao na kreti tupu. Kilo 700 za parachichi na vibarua wanne ndani inaweza kuwa imeshavuka.

Sitaki nikufiche gharama nyingine ya kuinua. Kila sentimita unayopanda, kitovu cha uzito kinapanda nacho, na pikapu tayari ni gari la juu. Mwaka 2016 jarida la Sweden, Teknikens Värld, lilijaribu Hilux kukwepa kizuizi ghafla, na magurudumu ya upande mmoja yakanyanyuka hewani, gari likiwa katika kimo cha kiwandani. Sentimita 3 zenye shokapu nzuri naziafiki. Sentimita 10 zenye kreti zilizopangwa juu ya kimo cha kebini, mbuzi akikatiza barabara, siziafiki.

Kazi yenyewe isifanyiwe chini ya mwembe. Springi ya mbele ikiwa imebanwa ina nguvu ya kumuua mtu. Inatolewa kwa kibanio maalumu, na fundi anayeifunga kwa waya au kamba usimkabidhi gari wala usisimame karibu yake. Gereji nyingi zinaweza kukusanya springi na shokapu mpya mezani, kisha zikabadilisha kitu kizima, na hiyo ndiyo njia salama. Mwambie pia fundi asikaze boliti za bushi za mikono gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Azishike kwa mkono, ashushe gari likae kwa magurudumu yake, alitikisetikise, ndipo akaze mwisho. Bushi ikikazwa gari likiwa juu, mpira unakaa umejisokota siku zote, unachanika mapema, na pua inakaa juu kwa uongo wiki ya kwanza kisha inashuka. Kabla ya kuondoka, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama mipira ya breki ya mbele haijavutika.

Siku hiyohiyo jioni, simamisha gari mbele ya ukuta urekebishe taa, na kama gari lako lina kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi, kitumie kila ukipakia. Ijulishe na kampuni ya bima kwa maandishi kwamba umebadilisha springi na saizi ya tairi. Wapo waliokuja kubishana baada ya ajali kwa sababu ya jambo dogo kama hilo.

Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 rudi gereji wakaze upya boliti zote zilizoguswa. Lakini usisubiri tarehe hiyo ukisikia mlio wa "taka taka taka" ukikata kona na 4x4 imeingia, ukiona grisi imerukia ndani ya rimu, usukani ukigoma kurudi katikati, au gari likivuta upande mmoja ukifunga breki. Kwa dalili yoyote kati ya hizo, paki gari, pakua mzigo, umwite fundi aje alione kwa macho yake. Na vipimo vya siku ya kreti nitumie vyote vinane, vinne vya gari tupu na vinne vya mzigo, nikuambie springi za kundi gani uagize.